Mkono wa Kushoto

Chumba chetu cha drama zamani kilikuwa karakana ya useremala;
ukilala sakafuni kwa zoezi la kupumua
unanusa vumbi la mbao lililogoma kuhama.
Kuta tulizipaka rangi nyeusi wenyewe, Septemba,
Keeley akaacha alama ya kiganja nyuma ya pazia
ili chuo kisimsahau.

Bi Outhwaite hakulipenda neno "kuigiza".
"Fanya," alikuwa akisema. "Usinionyeshe kwamba unafanya."
Akatutuma makwetu tukaibe:
namna mtu anavyovua kiatu,
anavyoiacha simu ilie,
chochote, mradi mwenyewe hajui anatazamwa.

Shazmeen akamleta shangazi yake akihesabu chenji.
Mimi sikuleta kitu. Mimi ni mtu wa taa.
Niliichukua drama kwa sababu jiografia ilijaa,
nikagundua kwamba gizani, nyuma ya swichi,
hakuna anayekuuliza mbona huongei.

Lewin akamleta babu yake.

Tanuru la chuma kando ya Mto Tees lilipozimwa, alituambia,
mzee Garbutt aliendelea kuamka saa kumi alfajiri.
Miezi minane.
Anakata mkate, anapaka siagi, anafunga kisanduku,
anavaa buti za kazi, zile nzito,
anatokea mlango wa nyuma, hatua kumi na nne,
anaingia kibandani bustanini
anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
mpaka zamu iishe.
Bibi alijua. Alimwachia taa ya jikoni ikiwaka.

"Hakuna maneno humo," Lewin akasema. "Sijui niandike nini."
"Basi usiandike," akajibu Bi Outhwaite,
akageukia dirisha, akakawia huko kidogo.

Ndoo tuliiazima kwa mfagiaji.
Mwanzoni Lewin alizidisha chumvi: akifuta jicho,
akipinda mgongo kama wazee wa matangazo ya dawa.
"Ondoa," anaambiwa. Anaondoa. "Ondoa tena."
Ilipofika Aprili alibaki mtu na mkate.

Siku ya mtihani mtahini alikuja na peremende na kalamu tatu.
Viti arobaini. Mstari wa pili, karibu na mlango,
mzee amefunga tai, kofia juu ya goti.
Bibi alimdanganya kwamba wanakwenda kucheza bingo.
Nikamwona kabla Lewin hajamwona.
Ningeweza kumtahadharisha mtu. Sikumtahadharisha.

Kisu kikagonga ubao.
Siagi. Kisanduku. Buti, kamba moja, kamba ya pili.
Hatua kumi na nne, na mtu fulani nyuma akakohoa
akajuta.
Ndoo.

Karatasi yangu ilisema: hesabu saba, kisha giza.
Nikahesabu saba, kidole juu ya kitufe.
Mzee alikuwa ameinama mbele,
viatu vyake vya kanisani vimekaa sambamba
kama zilivyokaa buti kule jukwaani,
nikahesabu nane, tisa,
nikaacha kuhesabu.

Tulipitisha muda. Alama mbili zikaenda na maji
na Keeley hakunisemesha hadi Alhamisi.

Kwenye korido, kando ya mashine ya chai,
watu wakimpiga Lewin mabegani,
mzee alisubiri foleni kama yuko posta.
Zamu yake ilipofika akakitwaa kisanduku,
akakigeuza, akakipapasa kifungo.

"Nilikuwa nafungua kwa kushoto," akasema.
"Wa kulia ulikuwa mfukoni. Umeshika funguo za geti.
Sikuwarudishia."
Akatazama alikosimama bibi, akashusha sauti.
"Hilo hata huyu halijui."

Jumatatu nilimkuta Lewin katika chumba kitupu,
mtihani umeshapita, hakuna wa kumpa alama,
ameketi juu ya ndoo, mkono mmoja mfukoni.
Nikapanda juu, nikamwashia taa.